Mtoto akikwama kwenye hesabu: rudi naye hadi pale alipopotea

Ripoti za muhula zikitoka, hodi haziishi mlangoni kwangu hapa Umoja, Nairobi. Maswali ni yale yale. "Mwalimu, huyu yuko Gredi 5 na kutoa hajui, nimtafutie tuisheni?" "Wameandika 'anakaribia matarajio', sasa hiyo ni kupita ama kuanguka?" "Mimi mwenyewe hesabu zilinishinda, nitamsaidiaje?" Nimeyajibu kwenye ngazi, sokoni na kwenye matatu, kwa hiyo leo nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

La ripoti nilimalize haraka. Mtaala wa umilisi, yaani CBC, una viwango vinne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na chini ya matarajio. "Anakaribia" ni cha tatu kutoka juu. Mtoto kuna anachokijua, na kuna pengo mahali. Kazi yako nyumbani ni kulitafuta hilo pengo.

Na pengo mara nyingi haliko kwenye gredi aliyomo. Mtoto wa Gredi 5 anayelia na kugawanya kwa kawaida alipotea Gredi 2 kwenye makumi na mamoja, darasa likasonga, naye akawa anakariri njia asizozielewa. Ukimpa maswali mengi zaidi ya Gredi 5 unamwongezea mzigo tu. Tuisheni nyingi ninazoziona hapa mtaani hufanya hivyo hivyo, ndiyo maana pesa zinaisha na mtoto bado amesimama palepale.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa kuanzia PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) hadi Gredi 6, yaani kabla ya KPSEA, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Andaa hivi kwanza

- Pakiti moja ya vijiti vya meno na rababendi kumi. Uzi pia unafaa.
- Visoda 40. Mwombe mwenye hoteli ya karibu akuwekee. Vioshe, na uangalie kingo zake, huwa zinakata.
- Trei tupu ya mayai, ile ya mayai 30.
- Pesa halisi: sarafu kumi za shilingi 1, mbili za 5, kumi za 10, noti ya 50, ya 100 na ya 200. Sarafu za kuanzia 2018 zina wanyama, na watoto wadogo huzishika upesi: twiga ni moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini.
- Daftari la miraba na penseli. Miraba ni muhimu, kila tarakimu ikae kwenye mraba wake.
- Saa ya ukutani yenye mishale.

Kitu kingine ni muda. Dakika 15 hadi 20, siku tano kwa wiki. Saa mbili nzima za Jumapili hazifikii hapo. Mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kungoja basi la shule hawezi kufikiri baada ya chakula cha usiku, kwa hiyo mfanye naye kabla ya kula. Kama wewe hufika nyumbani saa mbili usiku kwa sababu ya foleni ya Jogoo Road, mwachie kazi hii shosho, kaka mkubwa au dada anayekusaidia nyumbani. Hatua zote hapa chini anaweza kuzifuata mtu yeyote anayejua kuhesabu hadi mia.

Hatua ya 1: Tafuta alipopotea

Siku ya kwanza usifundishe chochote. Kaa naye, mwambie unataka kujua anavyofikiri, kisha muulize haya kwa mpangilio huu:

1. Hesabu kutoka 38 hadi 52. Sasa rudi nyuma kutoka 43 hadi 28.
2. 8 + 5. Halafu 13 − 6.
3. Andika mia tatu na saba kwa tarakimu.
4. 46 + 27
5. 42 − 17
6. 6 × 7
7. Mayai 30 yagawe kwa watoto wanne. Kila mmoja anapata mangapi, na yanabaki mangapi?
8. Ipi kubwa, theluthi moja au robo moja? (Mwandikie pia 1/3 na 1/4.)

Kila akijibu, muulize: "Umepataje?" Muulize akikosa, muulize pia akipata. Ukiuliza akikosa tu, atajua swali hilo maana yake ni kosa, na atabadilisha jibu kabla hata hajafikiri.

Akikosa mawili mfululizo, simama hapo na uanze na la kwanza kati ya hayo mawili. La 1 na 2 yakimshinda, kaeni wiki mbili na visoda mkihesabu mbele na nyuma kabla ya kitu kingine chochote. La 3, 4 na 5 ni hatua ya 2. La 6 ni hatua ya 4, na kadhalika.

Angalia: usimwambie "hii ni ya Gredi 2." Mtoto wa miaka kumi akisikia hivyo atafunga moyo, na utahangaika wiki nzima kuufungua.

Hatua ya 2: Rudisha makumi mikononi mwake

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu watoto wengi wanaoletwa kwangu wamepotelea hapa.

Mwaga vijiti vyote mezani. Mwambie akisie ni vingapi, kisha avihesabu kimoja kimoja. Atafika hamsini na kitu, atapotea, ataanza upya. Mwache apotee. Sasa mwambie afunge kila vijiti kumi kwa rababendi, kisha ahesabu tena: kumi, ishirini, thelathini. Haimchukui hata nusu dakika, na anaona kwa macho yake kwa nini watu hufunga vitu kwa makumi.

Zungumzeni Kiswahili hata kama shuleni wanafundishwa kwa Kiingereza. "Kumi na tatu" inajieleza yenyewe: kitita kimoja, na vijiti vitatu pembeni. Kiingereza kimeificha hiyo kumi ndani ya thirteen, na sikio la mtoto huchanganya thirteen na thirty kila siku. Ila ishirini, thelathini na arubaini zimetoka Kiarabu na hazimwonyeshi mtoto kitu. Kwa hizo, wiki ya kwanza semeni "makumi mawili", "makumi matatu", "makumi manne na mbili". Akizoea, rudini kwenye maneno ya kawaida, kisha muulize ya Kiingereza.

Sasa kutoa. Binti yangu wa pili akiwa Gredi 3 aliniandikia 42 − 17 = 35. Nikamuuliza amepataje. "Saba toa mbili ni tano, nne toa moja ni tatu." Alitoa ndogo kwenye kubwa kila upande, kwa sababu alishaambiwa mbili haiwezi kutoa saba. Kwake ile 4 ilikuwa nne, haikuwa makumi manne.

Sikumsahihisha. Nilimpa vitita vinne na vijiti viwili nikamwambia, "Nipe kumi na saba." Akanipa kitita kimoja bila wasiwasi. Akavitazama vile vijiti viwili, akanitazama, akavitazama tena. Mkono ukaenda kwenye kitita, ukasita. "Naweza kufungua?" Fungua, mama. Rababendi ikaruka hadi chini ya kabati. Sasa alikuwa na vitita viwili na vijiti kumi na viwili. Akanihesabia saba, vikabaki vitano. "Makumi mawili na tano," akasema, halafu akalitazama daftari na kulifuta lile jibu mwenyewe.

Fanya hivi na mtoto wako kwa mpangilio huu, na usiruke:

Kwanza mikono: kila siku maswali manne ya kujumlisha na kutoa kwa vitita, bila penseli. Akipata yote siku tatu mfululizo, nenda kwenye mchoro. Achore fimbo kwa kila kumi na nukta kwa kila moja. Akitaka kufungua kumi, anakata fimbo na kuchora nukta kumi. Mwisho ndiyo tarakimu kwenye miraba. Sasa ule mtindo wa shuleni wa kukata 4, kuandika 3 na kuipa 2 ile kumi iwe 12 utakuwa na maana, kwa sababu ni kitita alichokifungua kwa mkono wake.

Aliyeandika mia tatu na saba kama 3007 naye ameandika anachosikia: mia tatu, halafu saba. Kata boksi la viatu upate kadi: moja ndefu yenye 300, moja fupi yenye 7. Ilaze 7 juu ya sifuri ya mwisho. Inasomeka 307. Muulize hiyo sifuri ya katikati inafanya nini. Mwache atafute maneno yake. Mtoto mmoja aliniambia, "Inashikia makumi nafasi, hayajakuja," na sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Angalia: usimharakishe aache vijiti eti ni mkubwa. Ataviacha mwenyewe siku vitakapomchelewesha.

Hatua ya 3: Chenji

Nenda naye kibandani Jumamosi asubuhi, mama mboga akiwa na nafasi. Jioni foleni ikiwa ndefu usijaribu, mtoto ataona haya na watu watanung'unika.

Vitu vikiwa vya shilingi 65 na umetoa noti ya 200, sikilizeni mama mboga anavyorudisha. Hatoi 65 kwenye 200. Anapanda: sitini na tano, anaweka tano, sabini, anaweka thelathini, mia, anaweka mia, mia mbili. Chenji ni 5 na 30 na 100, yaani 135. Hii ni njia safi kabisa ya kutoa kichwani, na watoto huipenda kwa sababu hakuna cha kufungua wala kukopa. Nyumbani chezeni duka kwa zile pesa, mara wewe muuzaji, mara yeye.

Kwenye matatu pia: nauli ni 60, tuko wawili, nimetoa 200, makanga anatudai ama tunamdai? Mvua ikinyesha na nauli ipande hadi 100, je?

Hatua ya 4: Kuzidisha kwa trei

Trei ya mayai ina safu tano za mayai sita. Jazeni visoda safu moja moja: sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne, thelathini. Sasa izungushe trei. Ni safu sita za tano, na hakuna kisoda kilichoongezwa wala kuondolewa. 5 × 6 na 6 × 5 ni kitu kimoja. Hii ikimwingia, nusu ya jedwali imeondoka.

Mpe mpangilio huu: 10, 5 na 2 kwanza. Kisha 4, ambayo ni mara mbili ya mara mbili (4 × 7: saba mara mbili ni 14, mara mbili tena 28). Kisha 9, ambayo ni kumi ukiondoa moja (9 × 7: 70 toa 7 ni 63). Ukishayapata hayo, katika jedwali lote hadi 10 yamebaki kumi tu ya kukaa nayo:

3×3, 3×6, 3×7, 3×8, 6×6, 6×7, 6×8, 7×7, 7×8, 8×8.

Yaandike kwenye karatasi, yabandike karibu na sinki au mlango wa choo. Mawili kwa wiki yanatosha. Akisahau 7 × 8, asikae akiangalia dari: 7 × 5 ni 35, 7 × 3 ni 21, jumla 56.

Wimbo wa jedwali si mbaya, lakini anayejua kwa wimbo tu ukimuuliza 6 × 7 huanza kuimba kutoka 6 × 1. Muulize bila mpangilio.

Hatua ya 5: Kugawanya

Sahani nne, visoda 30, agawe. Saba kila sahani, viwili vimebaki. Fanyeni mara kadhaa kwa namba tofauti, kisha muunganishie na kuzidisha: "Nne mara ngapi inakaribia thelathini bila kupita?"

Swali moja usiliache. Watu 30 wanasafiri, matatu inabeba abiria 14. Zinahitajika matatu ngapi? Atakwambia mbili, na watu wawili wanabaki. Muulize hao wawili watafikaje.

Hatua ya 6: Sehemu, kwa chapati

Ukimuuliza ipi kubwa, 1/3 au 1/4, akisema robo kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu, usibishane naye. Chapati inatosha. Ikate nusu, kisha robo, kisha thumni, na umuulize angependa kupewa kipande kipi. Theluthi ni ngumu kukata kwenye mviringo. Kwa hiyo tumia ukanda wa karatasi ulioukunja sehemu tatu sawa, na mwingine wa urefu uleule sehemu nne sawa, uipange mmoja chini ya mwingine.

Kosa la pili ni 1/2 + 1/4 = 2/6. Weka nusu chapati na robo kwenye sahani moja. Anaona robo tatu. Muulize ile nusu ina robo ngapi ndani yake. Akishajibu mbili, mwandikie 2/4 + 1/4, na hapo karatasi na sahani zitakubaliana. Nusu kilo na robo kilo ya sukari dukani zinasema hayo hayo.

Hatua ya 7: Maswali ya maelezo

Hapa wengi wanaojua kuhesabu huangukia. Swali liko kwa Kiingereza, mtoto anaona namba mbili, anazijumlisha.

Alisome mara mbili, alifunike kwa mkono, kisha akusimulie kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, ni nini kinatokea. Bila namba. Akishindwa kusimulia, shida si hesabu, ni kusoma, na hapo ndipo pa kumsaidia. Akisimulia vizuri, achore. Namba ndiyo ije mwisho.

Angalia: usimfundishe kutafuta neno, kwamba akiona "zaidi" anajumlisha. Jaribu hili: Mama ana machungwa 12. Ana machungwa matano zaidi ya Baba. Baba ana mangapi? Aliyefundishwa neno atasema 17. Aliyechora atasema 7.

Hatua ya 8: Kazi ya nyumbani kutoka shuleni

Kaa karibu, lakini penseli iwe yake. Akikwama, muulize tatu tu: Unaulizwa nini? Unajua nini tayari? Unaweza kuchora?

Akikosa na muda umeisha, liache kosa daftarini, weka sahihi. Ukisahihisha wewe, mwalimu ataona vyote viko sawa na atasonga mbele na mtoto wako akiwa nyuma. Na kama njia ya mwalimu si ile uliyofundishwa wewe, mwambie mtoto akuonyeshe ya mwalimu. Njia mbili kwa mtoto ambaye bado anatafuta ya kwanza zinamvuruga.

Ukikwama

*Analia au anakasirika.* Funga daftari, rudi kwenye vijiti na swali analolijua, amalizie na hilo. Usimpige, usipaze sauti. Niliwahi kumpazia sauti binti yangu mkubwa juu ya 13 − 6, na kwa wiki tatu alikuwa akiniangalia mimi uso badala ya kuangalia swali.

*Bado anatumia vidole Gredi 4.* Usimkataze, ataviweka chini ya meza. Mfundishe kutua kwenye kumi: 8 + 5, nane inahitaji mbili kufika kumi, tano imebaki tatu, kumi na tatu. Vidole vitapungua vyenyewe.

*Nyumbani anapata, shuleni anakosa.* Angalia mambo matatu: anafanya kwa mdomo tu na hajazoea kuandika, lugha ya swali inamshinda, au haoni ubao. Akikunja macho au kusogeza daftari karibu na pua, mpeleke akapimwe macho kabla ya kumnunulia kitabu kingine.

*Saa inamchanganya.* Haishangazi, shuleni mshale mfupi ukiwa kwenye 8 anaambiwa ni saa nane za Kiingereza, wewe unamwambia ni saa mbili. Mwonyeshe kwamba saa ya Kiswahili ndiyo namba inayotazamana na mshale mfupi: 8 inatazamana na 2, 7 na 1, 12 na 6. Dakika hazibadiliki. Amwambie kila mtu nyumbani saa kwa lugha zote mbili kwa wiki moja.

*Nyumbani ni chumba kimoja na kelele haziishi.* Jumamosi mpeleke maktaba: ya taifa iko Buruburu, na zile za kaunti ziko Kaloleni na Makadara, pamoja na McMillan katikati ya jiji.

*Wewe mwenyewe hujui.* Mwambie akufundishe. Keti, shika vijiti, kosea kweli pale usipojua, na umwache akusahihishe. Mtoto anayeeleza kitu mara mbili kwa mtu mwingine atajua mwenyewe pale anapobabaika.

*Miezi mitatu imepita na hata vitita havijamkaa, au bado anachanganya 12 na 21 akiwa Gredi 4.* Usimwite mvivu. Nenda na lile daftari mlilofanyia kazi, mwonyeshe mwalimu wa darasa, na umwombe akuelekeze kituo cha EARC kilicho karibu, ambako watoto hupimwa ujifunzaji wao. Beba pia zile kurasa zenye makosa. Ndizo watakazotaka kuziona kwanza.